Leseni ya kupuliza dawa mashambani kwa ndege Marekani: anapewa rubani, anapewa mwenye ndege, au wote?

Swali limetoka kwa msomaji mmoja anayeishi Marekani, nalifupisha. Ana leseni ya urubani binafsi na bado anakusanya saa ili achukue ile ya biashara. Shemeji yake ni mkulima na ana ndege ya kupulizia dawa, ila yeye mwenyewe harushi, rubani aliyekuwa anamfanyia kazi ameacha. Sasa anauliza: hiyo leseni ya kupuliza dawa inachukuliwa wapi na mtihani wake ukoje, je anaweza kumpulizia shemeji kwa sasa na leseni yake hii ya binafsi, na jirani wa shemeji ambaye amesema atatoa hela ya mafuta tu kuna ubaya gani, halafu mwisho kama drone si ndo njia rahisi kuliko yote hayo.

Kaka, nianze na hili la kwanza maana ndo linawachanganya wengi: hiyo leseni unayoitafuta haipo. FAA, yaani mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, haiandiki popote kwenye leseni ya rubani kwamba huyu anaruhusiwa kupuliza dawa. Hakuna kozi ukimaliza unapewa kikadi cha kupulizia. Kilichopo ni cheti cha mwendeshaji, na hicho ni cha shughuli, sio cha rubani. Kinatoka chini ya kanuni za anga Sehemu ya 137, zilizopitishwa mwaka 1965 na kuanza kutumika 1966, na pale imeandikwa wazi kwamba hakuna mtu anaruhusiwa kufanya kazi ya ndege ya kilimo bila kuwa na hicho cheti. Kazi ya ndege ya kilimo maana yake ni kumwaga dawa ya kuua wadudu au magugu, kumwaga mbolea, kupanda mbegu kutoka angani, na shughuli nyingine za kumwaga vitu zinazohusu kilimo, bustani au kutunza misitu moja kwa moja. Wadudu hai hawamo, ukimwaga wale wadudu rafiki wanaokula wadudu waharibifu hiyo haihesabiwi, ndo sheria ilivyo.

Kwa hiyo makaratasi yako yanatoka kwenye ofisi tatu tofauti ambazo hazisubiriani. Leseni yako wewe kama rubani, ya FAA. Cheti cha shughuli, cha FAA pia lakini kwenye dirisha lingine. Na leseni ya dawa, ambayo inatoka serikali ya jimbo chini ya sheria ya shirikisho inayosimamiwa na EPA, shirika la mazingira. Ukiwa na mbili ukakosa ya tatu huna kitu.

Upande wa rubani ndo mwepesi kuelezea. Ukitaka kulipwa lazima uwe na leseni ya biashara au ile ya juu kabisa ya mashirika ya ndege, pamoja na ruhusa ya aina ya chombo unachorusha, ndege au helikopta. Leseni ya biashara kwa njia ya kawaida ni saa 250 za kuruka kwa ndege, umri miaka 18, na cheti cha afya daraja la pili ambacho kwa kazi ya kulipwa kinadumu miezi 12. Ruhusa ya kuruka mawinguni kwa kusoma mita za ndege tu huhitaji kwa kazi hii, kazi yenyewe unaangalia mahindi yaliyo futi 10 chini yako sio mawingu, ila ukiwa nayo bima wanakupenda zaidi. Alafu ndege nyingi za kazi hii ni za gurudumu la mkia na injini yake ina nguvu zaidi ya farasi 200, kila kimoja hapo kinadai sahihi ya mwalimu kwenye logbuku yako kabla hujaenda peke yako kama rubani mkuu. Kama hujawahi kutua ndege ya gurudumu la mkia kwenye upepo wa pembeni, anza na hilo mapema, maana ndege yenyewe utakayokuja kurusha mara nyingi ina kiti kimoja na hakuna mwalimu atakayekaa nyuma yako akushikie.

Sasa swali la shemeji, na hapa naomba usome taratibu.

Cheti cha Sehemu ya 137 kina aina mbili, cha binafsi na cha biashara. Watu wakisikia cha binafsi wanafikiri basi mkulima yeyote mwenye ndege anachukua kile, anatafuta kijana wa kurusha, maisha yanaendelea. Hapana. Cha binafsi kinamtaka mwombaji mwenyewe awe rubani, awe na angalau leseni ya binafsi na ruhusa ya hiyo ndege. Shemeji yako harushi, kwa hiyo cha binafsi hakipati, hata kama shamba ni lake na ndege ni yake na dawa kanunua yeye. Haya, unasema basi nikiombe mimi kwa jina langu, mimi si rubani? Unaweza kukiomba, lakini mwenye cheti cha binafsi amefungwa na mambo matatu: asilipwe kwa kazi hiyo, asifanye kazi juu ya eneo lenye watu wengi, na asipulize juu ya shamba lolote isipokuwa ni mmiliki au mpangaji wa hilo shamba au ana haki ya mali kwenye zao lililoko pale. Wewe shamba sio lako, hujakodi, na zao huna sehemu. Undugu sio haki ya mali, kuwa mume wa dada yake mtu hakukufanyi uwe mkulima mwenzake mbele ya mkaguzi.

Kuna watu hapo wanapata wazo la kuandikiana kikaratasi kwamba mkulima amempa rubani asilimia kidogo ya mavuno. Mi nakwambia kama ni kweli umeingia kwenye kilimo, umeweka hela, ukipata hasara na wewe unaumia, hiyo ni haki ya mali na nenda na wakili mkaiandike vizuri. Kama ni kikaratasi cha kuzugia kimeandikwa juzi kwa sababu ya kupuliza tu, siku ikitokea ajali au jirani akilalamika maharage yake yameungua, hicho ndo kitakuwa cha kwanza kuchanwachanwa, na bima yako itakuwa ya kwanza kukichana.

Njia iliyonyooka inashangaza watu. Shemeji asiyejua kurusha hawezi kupata cheti cha binafsi, lakini cha biashara anaweza! Kwenye cha biashara mwombaji halazimiki kuwa rubani, anatakiwa awe na huduma ya angalau mtu mmoja mwenye leseni ya urubani ya biashara na ruhusa zinazotakiwa, awe na angalau ndege moja yenye vibali vyote, iliyo salama kuruka na iliyofungwa vifaa vya kazi hii, na amteue msimamizi mkuu wa shughuli ambaye ndo atafanya mtihani kwa niaba yake. Huyo msimamizi na huyo rubani anaweza kuwa mtu mmoja, na mtu huyo anaweza kuwa wewe, ila sio leo. Ni siku ukishapata leseni ya biashara na kujua kazi.

Jirani wa mafuta. Hili kwa leseni uliyonayo linakataliwa mara mbili, sio mara moja, na watu wanaona moja tu. Kwanza mafuta ni malipo, FAA kwa miaka mingi wanatafsiri malipo kwa upana sana na kitu chochote chenye thamani kinaingia, hata akikuambia sio mshahara ni asante tu. Pili, hata ungeikataa hiyo hela, ukampulizia bure kabisa kwa roho safi, bado shamba sio lako na zao sio lako, na lile katazo la tatu halisemi chochote kuhusu hela. Bure haikuokoi. Kwa hiyo mjibu jirani atafute mwenye cheti cha biashara.

Tuje kwenye mtihani. Uko wa aina mbili, wa maarifa na wa vitendo, na anayefanyiwa mtihani na FAA ni mwombaji wa cheti au yule msimamizi wake mkuu. Maarifa wanauliza hatua za kuchukua kabla ya kuanza kazi ikiwemo kukagua eneo, namna salama ya kushika dawa na kutupa makopo yaliyotumika, dawa zinafanya nini kwa mimea, wanyama na watu, hasa zile zinazotumika sana eneo lako, dalili za kwanza za mtu aliyepata sumu na huduma ya haraka na kituo cha kudhibiti sumu kiko wapi, uwezo na mipaka ya ndege yako, na mwisho taratibu salama za kuruka na kupuliza. Angalia ni mangapi hapo yanahusu kuruka. Marubani wazuri kabisa wanakwama kwenye swali la mtu aliyepata sumu ya dawa za kundi la organofosfeti, wanajua kutua kwenye barabara ya vumbi lakini hawajui kwamba jasho, mate mengi na mboni za macho kuwa ndogo kama kichwa cha sindano ndo ishara zenyewe. Na hiyo sio nadharia, kijana anayekuchanganyia dawa pale uwanjani ndo anayeishika ikiwa kali haijapunguzwa maji, na wewe ndo utakayemwona wa kwanza ukirudi kujaza.

Vitendo vinafanyika ndege ikiwa na uzito wake wa juu kabisa ulioruhusiwa, sio tupu. Kupaa kwenye uwanja mfupi na uwanja laini kwa ndege za mabawa, kuingia eneo la kazi, kuinua pua kumalizia mshuko, kupita kwenye mikanda ya kupuliza, kupanda mwisho wa shamba na kugeuka, na kwa helikopta kuna kusimama ghafla. Kwa vile ndege nyingi zina kiti kimoja mkaguzi anasimama chini anakuangalia, na kwenye hopa, yaani tangi la dawa la ndege, kawaida unaweka maji. Kama kuna sehemu moja ya kuipa mazoezi kuliko zote ni ule mgeuko wa mwisho wa shamba. Ndege imejaa, umetoka chini kwa kasi, unavuta juu kuruka miti, unalaza bawa, na macho yanataka kurudi kuangalia mstari ulioacha badala ya kuangalia kasi ya ndege. Hapo ndo watu wanapoteza mwendo, mabawa yanaacha kuibeba ndege ikiwa futi mia na kitu, na kimo cha kurekebisha hakuna.

Sasa wewe ukija kuajiriwa na mwenye cheti, unajua nani anakupima? Yeye. Sheria inasema rubani mkuu lazima amwonyeshe mwenye cheti, au msimamizi wake mkuu, kwamba anayo yale maarifa na ule ujuzi. FAA haiji kukupima wewe binafsi. Lakini mwenye cheti wa biashara anatakiwa kuandika kwenye rekodi zake jina lako, anwani yako, namba ya leseni yako na tarehe uliyotimiza masharti hayo, kwa hiyo bosi akikwambia panda tu ruka utafanya mtihani siku nyingine, jua tarehe hiyo haipo kwenye kitabu na mkaguzi akifika ana haki ya kuomba kuiona. Kwenye kitabu hichohicho kunakaa majina na anwani za wateja, tarehe ya kila kazi, na jina na kiasi cha kilichomwagwa, na vyote vinatunzwa angalau miezi 12. Cheti chenyewe hakina tarehe ya kuisha, kinadumu mpaka ukirudishe, kisimamishwe au kifutwe. Ukihamisha makao ya shughuli unawaandikia FAA mapema kabla hujahama.

Ofisi ya tatu ndo ya dawa, na wengi wanaidharau kwa sababu haina ndege.

Sheria kubwa ni ile ya shirikisho ya viuatilifu ya mwaka 1947, ikafanyiwa mabadiliko makubwa 1972 na iko mikononi mwa EPA. Kuna dawa za kawaida na kuna zile za matumizi yaliyozuiwa, ambazo anayezitumia lazima awe na cheti cha mpulizaji au afanye chini ya usimamizi wa moja kwa moja wa mwenye cheti. EPA ilibadilisha kanuni zake za vyeti mwaka 2017, ikaweka umri wa chini miaka 18, ikaweka kwamba cheti kisikae zaidi ya miaka 5 bila kuhuishwa, na ikatengeneza kundi maalumu la upulizaji wa angani. Lakini anayekupa mtihani na leseni ni jimbo, na majimbo hayafanani. Mengi yanakupa mtihani wa msingi, kisha mtihani wa kundi la angani, kisha biashara yenyewe nayo inatakiwa kuwa na leseni yake na uthibitisho wa bima. Majimbo mengi yanataka kila rubani anayelipwa awe na leseni hata kama dawa aliyobeba ni ya kawaida tu. California wana mfumo wao kabisa ambapo rubani mpya anaanza kama mwanafunzi wa kazi, anafanya chini ya rubani aliyekomaa mpaka atimize masharti ndo anapandishwa. Kuvuka mpaka wa jimbo ni kuanza makaratasi upya, mengine yanakubali mtihani wa jirani mengine hayakubali, lakini ombi unapeleka kila mahali. Leseni yako ya urubani inatambulika nchi nzima, ya dawa hapana. Kila msimu kuna rubani anafuata kazi jimbo la pili akikumbuka hili dawa ikiwa tayari kwenye tanki.

Na angalia mtego: upande wa dawa nako kuna mpulizaji binafsi na mpulizaji wa biashara, lakini mipaka yake sio ile ya FAA. Kwenye dawa, mfanyakazi wa mkulima anayepuliza shamba la bosi wake anaweza kuhesabika binafsi. Kwenye FAA kama nilivyoeleza hapo juu hawezi. Ndo maana mtu anapiga simu ofisi ya kilimo ya jimbo anaambiwa wewe uko sawa, anafurahi, anapaa, anakuja kukamatwa na ofisi nyingine.

Lebo ya dawa soma kama mkataba. Kutumia dawa kinyume na lebo yake ni kosa la sheria ya shirikisho, sio ushauri wa kiwandani, na Sehemu ya 137 nayo inakataza kumwaga dawa kinyume na maelekezo ya usalama na mipaka ya lebo. Maana yake kosa moja la lebo ni makosa mawili kwa ofisi mbili, jimbo linakutoza kwa dawa na FAA wanafuata cheti. Lebo nyingi zinazoruhusu ndege zinakuwekea ukubwa wa matone, mwisho wa kasi ya upepo, kimo cha kuachia dawa kisichozidi futi 10 juu ya mmea isipokuwa usalama unadai zaidi, na bomba la nozeli, vile vinyunyizio vya dawa, lisizidi asilimia 75 ya urefu wa mabawa, kwa sababu hewa inayozunguka kwenye ncha za bawa inanyakua matone na kuyapeleka usikotaka. Nyingine haziruhusu ndege kabisa, kama zile dawa za magugu za dicamba za kupuliza juu ya soya iliyokwisha ota, lebo zake zilikataza. Mteja akikwambia mwaka jana tulipuliza hii kwa ndege na hamna kilichotokea, mwambie akuonyeshe mstari kwenye lebo.

Kuna pia kanuni ya kulinda wafanyakazi wa mashambani. Ukipuliza kwa ndege kuna eneo la futi 100 kukuzunguka pande zote, ambalo linatembea na wewe, na mtu akiwa ndani yake unafunga nozeli mpaka atoke. Rubani wa ndege inayokwenda zaidi ya maili 100 kwa saa hana muda wa kutafakari hilo akiwa ameshaingia, ndo maana kupita juu kwanza kulikagua shamba sio mapambo.

Hapo hapo niseme la kuruka chini. Watu wanajua kwamba ndege za kilimo zinaruhusiwa chini ya futi 500 na karibu zaidi ya futi 500 na watu, magari na majengo. Kweli, nje ya maeneo yenye watu wengi, na bila kumhatarisha mtu wala mali iliyo chini. Ila ruhusa hiyo ni wakati wa kumwaga tu pamoja na kuingia, kutoka na migeuko inayohitajika kwa kazi hiyo. Ukitoka uwanjani kwenda shamba lililo maili 12, ile safari ya katikati ni safari ya kawaida na sheria za kawaida za kimo zinakuhusu, futi 500 juu ya ardhi nje ya miji, na penye watu wachache sana basi usisogelee mtu, gari au jengo chini ya futi 500. Rubani amezoea kukaa chini siku nzima, anasahau kupanda, anapita juu ya paa la mtu, mtu anapiga picha. Malalamiko mengi mi naona yanaanzia hapo, sio kwenye shamba.

Juu ya eneo lenye watu wengi ni habari nyingine kabisa na kwa mwanzo wako kaa mbali nayo. Inahitaji kibali cha maandishi cha mamlaka ya mji, kuwatangazia wananchi kwa njia inayowafikia kama redio, gazeti au mlango kwa mlango, na mpango wa kila kazi uliokubaliwa na ofisi ya FAA ya eneo ukionyesha vizuizi, pa kutua ikitokea dharura na mawasiliano na waongoza ndege. Rubani awe na saa 25 kama rubani mkuu kwenye aina hiyo ya ndege, 10 kati ya hizo ndani ya miezi 12 iliyopita, na saa 100 za kumwaga dawa akiwa rubani mkuu. Ndege, ikiwa sio helikopta, iweze kuachia angalau nusu ya mzigo wake wa juu ulioruhusiwa ndani ya sekunde 45. Na usiniulize eneo lenye watu wengi ni nyumba ngapi, FAA hawakuweka namba, wanaamua tukio kwa tukio, nyumba chache zilizosongamana kando ya shamba zinaweza kutosha.

Kitu ambacho hakimo kwenye sheria na kinashangaza: Sehemu ya 137 haina kikomo cha saa za kazi za rubani kama walivyo wa mashirika ya ndege. Msimu ukifika unaweza kuanza alfajiri mpaka giza, siku nyingi mfululizo, bila kuvunja kanuni yoyote. Hapo inabidi ujiwekee mwenyewe, na kama bosi anakucheka ukisema umechoka, tafuta bosi mwingine. Kingine ni nguzo nyembamba za kupimia upepo, zinaweza kusimamishwa ghafla pasipokuwepo kitu jana yake, nyingi zilikuwa zinawekwa chini kidogo ya futi 200 ambako zamani hazikulazimika kuwekwa alama, na marubani wamekufa kwa kuzigonga. Bunge mwaka 2016 lilitaka za kati ya futi 50 na 200 mashambani ziwekwe alama, lakini we endelea kuamini macho yako kuliko sheria hiyo. Ndege yenyewe lazima iwe na mikanda ya mabega kwa rubani, na uifunge.

Bima sasa. Hii sio sheria ya FAA lakini ndo mlango halisi. Unaweza kuwa na makaratasi yote matatu na kampuni ya bima ikakataa kukufunika kwa sababu huna saa za kazi ya kilimo, na bila bima hakuna mwenye ndege ya turbini atakupa funguo. Ndo maana wengi wanaanza chini, wanachanganya na kupakia dawa msimu mmoja au miwili, wanajifunza kuhesabu galoni kwa ekari, wanafaulu mtihani wa dawa wakiwa bado chini, halafu wanapewa ndege ndogo ya injini ya pistoni na mashamba mapana yasiyo na nyaya. Inauma kwa mtu mwenye leseni ya biashara mfukoni kushika bomba la dawa, ila kijana aliyepitia huko akipanda ndege anajua kilichomo kwenye hopa. Chama chao cha taifa, NAAA, kilichoanzishwa 1966, kina mafunzo ya kila mwaka kwa marubani na waendeshaji, na kuna siku ndege zinapimwa jinsi zinavyotawanya dawa, nenda hata kama mtazamaji, ndo wanapopatikana waajiri.

Kwako kwa sasa mpangilio ningeuweka hivi: maliza leseni ya biashara huku ukichukua sahihi ya gurudumu la mkia, wakati huohuo soma vitabu vya mtihani wa dawa vya jimbo lako kwa sababu huo hauhitaji saa za ndege, tafuta kazi ya kupakia kwa mtu mwenye cheti. Shemeji msimu huu akodi mwenye cheti cha biashara. Kama shemeji anataka shughuli yake mwenyewe aanze mazungumzo na ofisi ya FAA ya eneo lake mapema, wakati wa baridi, maana kila mtu anawakumbuka mimea ikishaota na wakaguzi ni walewale.

Drone sio njia ya mkato, ni njia nyingine yenye makaratasi yake. Kupuliza dawa kwa drone ni kazi ya ndege ya kilimo vilevile, kwa hiyo cheti cha Sehemu ya 137 kinahitajika, na leseni ya dawa ya jimbo inahitajika, lebo ni ileile. Unachokwepa ni zile saa 250, kwa sababu cheti cha rubani wa drone ni mtihani wa kuandika na umri ni miaka 16, lakini kumbuka upande wa dawa bado wanataka 18. Kanuni za drone ndogo zinaishia chini ya paundi 55, kama kilo 25 hivi, na zinakataza kubeba vitu hatari, kwa hiyo kwa dawa nyingi unaomba msamaha maalumu wa FAA hata drone ikiwa ndogo. Drone za shamba za maana zikijazwa zinavuka uzito huo, hapo unaomba msamaha mkubwa zaidi ndo uambatanishe na ombi la 137. Na lile suala la cheti cha binafsi na zao la nani liko vilevile. Ukitaka kununua, omba muuzaji akuonyeshe uzito wa juu wa kupaa tanki likiwa limejaa, sio uzito wa drone tupu ulioandikwa kwenye tangazo, kwa sababu huo wa kujaa ndo unaoamua unajaza fomu ipi.